Kiyoyozi kinasoma 18, chini ya meza hita inawaka: tuongee bili za majengo ya Kampala

FundiBaridi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa viyoyozi, mtu wa Tanga. Kampala nilikuja 2013 kwa kazi ya miezi mitatu na mpaka leo sijarudi. Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya kitu nilichokutana nacho wiki iliyopita. Kwanza nilicheka, baadaye kikanikera.

Niliitwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa sita, Nakasero ya chini. Mwenye jengo bili imemchosha, anataka kung'oa viyoyozi vyote 38 na kufunga vya inveta (vinavyopunguza mwendo vyenyewe). Kazi yangu ilikuwa kupima vyumba na kumpa bei. Nikaanzia mapokezi. Dada wa pale amevaa sweta na skafu shingoni, rimoti inasoma 18. Nilipoinama kutafuta soketi nikakuta hita ndogo, ile ya waya mwekundu, inamchoma miguu. Nikamuuliza, dada, mbona hita? "Baridi inaniua, na rimoti anayo meneja."

Basi hapo juu kiyoyozi kinalipiwa kutoa joto, na hapo chini hita inalipiwa kulirudisha. Kati yao hakuna mita tatu. Na hapa ni Kampala, asubuhi nje ni nyuzi 18 au 19, mchana 27 au 28. Hatuko Dubai wala hatuko Moscow.

Habari ya bei nikaiweka kando, nikaomba siku mbili za kulizunguka jengo lote.

Upande wa magharibi ni kioo kitupu, sakafu mpaka dari. Sisi tuko karibu na Ikweta, ukienda Masaka unaivuka pale Kayabwe. Jua letu linapita utosini: Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo, na kuta zinazochapwa kwelikweli ni za mashariki na magharibi. Saa kumi jioni, mita mraba mbili za kioo kinachotazama magharibi zinaingiza joto la karibu kilowati moja. Hiyo ni pasi ya nguo. Chumba cha kona ghorofa ya nne kina mita mraba 12 za kioo, kwa hiyo kila jioni kuna pasi sita zimewashwa mle ndani. Kiyoyozi chao cha BTU 18,000 uwezo wake ni kilowati tano na kidogo. Jua peke yake limeshakishinda, watu na kompyuta bado hawajahesabiwa. Mapazia wameweka, lakini ndani. Joto likishapita kioo limeshaingia, pazia la ndani linazuia mwanga zaidi kuliko joto.

Nikaenda nyuma kutazama mashine za nje. Zimepangwa kwenye uchochoro ambao haufiki mita moja na nusu, halafu mbele zimezibwa na luva (vibao vya mshazari) za alumini ili jengo lipendeze. Kila mashine inatema joto, jirani yake analivuta. Barabarani siku hiyo kipimajoto kilisoma 27. Nyuma ya luva, kwenye mdomo wa mashine ya ghorofa ya tatu, kilisoma 41. Kila nyuzi moja ikipanda pale, kompresa inakula umeme zaidi kwa asilimia mbili au tatu hivi, zidisheni wenyewe. Na juu ya mashine mbili mlinzi alikuwa ameanika suruali.

Chumba cha mikutano nikafungua mashine ya ndani. Filta ilikuwa imevaa blanketi la vumbi jekundu la Kampala, zito hadi likabanduka kipande kizima kama ngozi ya mbuzi. Nikamwonyesha meneja. Akaniuliza, "Hicho kipuri bei gani?"

Hesabu ya juu juu: spliti (kiyoyozi chenye mashine ya ndani na ya nje) ya zamani ya BTU 18,000 inavuta karibu kilowati 1.9. Kompresa ikifanya kazi saa sita kwa siku ni yuniti 11 na ushee. Tuseme yuniti ni shilingi 600, siku 26 za kazi. Inakaribia 178,000 kwa mashine moja kwa mwezi. Mara 38 ni milioni 6.7. Mwenye jengo ana haki ya kulia.

Lakini akifunga inveta 38 mpya kwenye uchochoro uleule, nyuma ya kioo kilekile, na rimoti akabaki nayo meneja yuleyule, atakuwa amenunua mashine nzuri za kupambana na pasi. Mimi nasema pasi zizimwe kwanza. Nani anabisha?

MuuzaInveta

Nabisha mimi, na jina langu linasema kwa nini. Fundi unatufungia duka.

Spliti ya kawaida inawaka yote au inazima yote. Inveta inapunguza mwendo wa kompresa kulingana na joto lililopo, na kwa mashine inayofanya kazi kutwa nimeona wateja wakiokoa theluthi hadi nusu. Halafu mtu mwenye jengo la zamani ana R22 kwenye mashine zake. Gesi hiyo Mkataba wa Montreal, ule wa kulinda ozoni, unaiondoa, nchi zetu zinatakiwa ziwe zimeipunguza kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030, kilichobaki ni cha matengenezo tu. Ukimwambia asibadilishe leo, kesho kompresa ikifa atainunua gesi kwa bei ya dhahabu.

FundiBaridi

Kuhusu R22 tuko pamoja. Na sikusema asibadilishe, nilisema asianzie hapo. Ukizuia jua kwanza, chumba kilichokuwa kinataka BTU 24,000 kinatosheka na 12,000. Mteja analipa kidogo, wewe unauza ndogo, hapo ndipo penye ugomvi wetu mimi na wewe 😄

Na nyie wauzaji mna dhambi moja: mnapima chumba kwa hatua, urefu mara upana, mnaongeza "ya usalama" juu. Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba kinapoza haraka na kuzima kabla ya kukausha hewa. Watu wanakaa kwenye baridi yenye unyevunyevu kama pango, halafu wanashusha rimoti zaidi wakidhani tatizo ni joto.

Mhasibu_Mnyonge

Niingilie kutoka upande wa makaratasi. Mimi ni mhasibu kwenye jengo jingine kabisa, mjini hapahapa, jina nitalihifadhi.

Umeme wa viyoyozi kwetu unaingizwa kwenye gharama za huduma, wapangaji wanagawana kwa mita mraba. Kampuni ya ghorofa ya pili inafunga saa kumi na moja na kuzima kila kitu. Wa ghorofa ya tano ni kituo cha simu, wanafanya kazi mpaka usiku na AC zao hazipumziki. Wana eneo sawa, kwa hiyo wanalipa sawa. Mwezi wa tatu wa mkataba yule wa ghorofa ya pili alikuja kuniuliza kwa upole, "Kwa hiyo mimi nazima ili nani afaidike?" Sikuwa na jibu. Siku hizi naye hazimi.

Mimi si fundi, lakini naona kabla ya kuzungumzia kioo na kompresa, wekeni mita ndogo kila ghorofa. Mtu akinunua Yaka (umeme wa kulipia kabla) yake mwenyewe anajua kuzima. Nyumbani kwetu mtoto akiacha taa ya choo inawaka tunamwita mara tatu. Ofisini mtu huyohuyo anaacha AC inawaka Ijumaa mpaka Jumatatu.

Mama Tausi

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mpangaji mnayemsema, nina ofisi ya usafirishaji karibu na Kikuubo, watu sita.

Kwanza huyo dada wa hita mwacheni. Kila ofisi niliyofanya kazi, rimoti iko kwa mwanamume aliyevaa suti, na sisi wenye magauni tunaganda. Suti ivuliwe koti, tatizo litakwisha bila fundi.

Pili, naona fundi anakaribia kutuambia tufungue madirisha. Aje akae kwangu nusu saa. Boda, kondakta wa taksi anaita abiria, jenereta ya jirani inatoa moshi dirishani kwangu, na vumbi ninalifuta mara mbili kwa siku. Umeme ukikatika ndiyo tunafungua, na hapo hatusikilizani kwenye simu.

FundiBaridi

Marahaba mama, nimekusikia, na umenishika kabla sijafika. Pale kwako dirisha la barabarani lifungwe tu. Je, kuna dirisha la nyuma au la kwenye ngazi? Mara nyingi linatosha kuingiza hewa ya asubuhi mpaka saa nne au tano, kabla AC haijahitajika. Na funga pangaboi. Pangaboi linakula wati 70 hivi, kiyoyozi karibu 1,900. Upepo wake unamfanya mtu ajisikie vizuri kwenye 26 kama vile yuko 24 au 23. Kwa kawaida kila nyuzi moja unayopandisha kwenye rimoti unaokoa asilimia kadhaa za umeme wa kupoza, wengi hukadiria sita.

La suti naliunga mkono kwa mikono miwili.

Mhasibu, hilo la mita ndogo nimelinakili. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na huenda ndilo kubwa kuliko yote.

PangaboiGulu

Salamu kutoka Gulu. Nyie wa Kampala mnalalamika na 28, huku Januari inagonga 33, 34 na upepo wa kaskazini una vumbi. Lakini usiku kunapoa. Jengo letu ni la zamani, kuta nene, varanda pande zote, matundu ya hewa chini ya dari. Mlinzi ana kazi moja ya ziada: saa tatu usiku anafungua madirisha ya juu (yana nondo na wavu wa mbu), saa moja asubuhi anayafunga. Kuta zinalala zikipoa, na mpaka saa saba mchana hatuwashi kitu.

Jirani kajenga jipya, kioo mbele, paa la bati bila dari ya maana. Anawasha saa mbili asubuhi. Wazee waliojenga na varanda hawakuwa wajinga.

KabaleBaridi

Jamani msitusahau sisi wa milimani. Nasimamia hoteli ya vyumba 20 Kabale, mita kama 2,000 juu ya bahari. AC kwetu ni mapambo. Mgeni anataka joto na maji ya moto, na wote wanaoga saa moja asubuhi kwa pamoja. Kila chumba kina geza yake ya umeme, zinawaka saa 24. Usiku wageni wanaomba hita. Bili ikija bosi ananiangalia kama nimeiandika mimi. Naomba msaada wa kweli, si wa kuniambia ninunue inveta.

Mzee wa Chila

Mwanangu wa Kabale, subiri nikuhesabie. Nimestaafu, miaka mingi nimehudumia chila (mashine kubwa za kupoza maji ya viyoyozi vya jengo zima) za mahoteli Nairobi kisha Kampala.

Mgeni mmoja anatumia lita 80, vyumba 20, ni lita 1,600. Maji ya kwenu ni baridi, tuseme 17, unayapeleka 55. Hapo huwezi kukwepa joto la yuniti 70 kwa siku. Geza ya umeme inakula hizo 70 zote, na juu yake unalipia joto linalovuja kwenye matangi 20 usiku kucha. Ukiweka pampu ya joto (ni kiyoyozi kilichogeuzwa, kinachota joto la nje na kulitia kwenye maji) utakula kama 25 hadi 28 kwa baridi ya kwenu. Sola ya maji juu ya paa inapunguza zaidi, ila siku za ukungu utahitaji msaada wa umeme.

Kabla ya hayo yote, mambo ya bei rahisi. Vika mabomba ya moto sponji, hasa yanayopita nje. Weka shawa zinazotoa maji kidogo. Matangi yakiwa makubwa ya pamoja, yapandishe mpaka 60, usiyaache yawe vuguvugu siku nzima, maana kuna bakteria wa mapafu wanaopenda maji ya namna hiyo. Na uliza mita yenu ni ya aina gani. Kama mko kwenye bei za saa, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku ndiyo ghali, saa 6 usiku mpaka 12 asubuhi ndiyo nafuu. Saa ya kuwashia na kuzimia (taima) gharama yake ni ndogo: maji yapashwe saa tisa usiku, wageni wayakute.

Kwa vyumba, ziba kwanza yale madirisha ya vioo vya luva. Hayafungi kamwe. Unapasha moto mlima mzima wa Kabale.

Tena wenye hoteli kubwa Kampala na Entebbe wananishangaza. Chila iko chini inamwaga joto angani kutwa, juu boila inachoma dizeli kupasha maji ya kuogea. Joto la chila linaweza kupasha yale maji kabla hayajafika kwenye boila. Nimeyasema mpaka nikastaafu.

KabaleBaridi

Mzee Mungu akupe maisha. Luva! Nimeenda chumba namba 7 sasa hivi, nimeweka mkono, upepo unaingia kama mlango uko wazi. Hita nitazitoa. Nikiwa mdogo kwenye lodji za karibu na msitu wa Bwindi niliona wageni wakipewa chupa ya mpira ya maji ya moto kitandani, wazungu walikuwa wanaifurahia kuliko hita.

MuuzaInveta

Mzee, na feni za dakti, yaani njia za hewa za jengo? Wenye majengo makubwa wananiuliza kuhusu kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota.

Mzee wa Chila

Hiyo wauzie, bila haya. Umeme wa feni unafuata mchemraba wa mwendo. Ukipunguza mwendo kwa moja ya tano tu, umeme unashuka karibu nusu. Pampu za maji ya chila vilevile. Ila mkumbuke Kampala iko mita 1,200, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Mombasa kwa joto lilelile, kwa hiyo feni inabeba joto pungufu kuliko katalogi inavyodai. Usipunguze mpaka watu wakalalamika.

kijana_wa_Ndeeba

Swali dogo. AC yangu ya dukani ni R22, fundi kaja kanijazia gesi ya kupikia. Inapoza vizuri sana na imekuwa rahisi. Kuna ubaya?

FundiBaridi

Mdogo wangu, zima. Zima leo. Ni kweli propeni ni gesi nzuri ya kupoza, zipo mashine zinazotengenezwa kwa ajili yake, R290, zenye gesi kidogo iliyopimwa na sehemu za umeme zilizofungwa cheche zisitoke. Yako haikutengenezwa hivyo. Ndani ina kontakta (swichi) zinazopiga cheche, na mabomba yakivuja yanavujia dukani kwako. Ya kupikia imechanganywa na buteni pia, hata si propeni safi. Mtafute mwenye mashine ya kuvuta gesi aitoe nje ya jengo. Na fundi atakayeishika baadaye mwambie ukweli, asije na tochi ya kuchomelea akidhani ni R22.

Hata gesi ya R32 ya mashine mpya inashika moto, ingawa si kwa urahisi huo, na haimiminwi kwenye mashine ya R22. Mashine yako imeshazeeka. Hapa ndipo namwachia MuuzaInveta.

MuuzaInveta

Asante. Nimengoja kurasa mbili.

FundiBaridi *(baada ya miezi mitatu)*

Wakuu, nimerudi na mrejesho kwa walioniuliza inbox.

Mwenye jengo alikataa vivuli vya upande mzima, anasema jengo litaonekana kama kitalu cha miche. Tukakubaliana ghorofa ya tatu na ya nne tu. Nimefunga fremu za chuma nje ya kioo, umbali wa sentimita 60, na wavu mweusi wa kivuli ule wa wakulima wa maua. Luva za uchochoroni tumezitoa, mashine za nje kumi tumezihamishia juu ya paa zipate hewa. Mashine tisa tumeziondoa moja kwa moja, hazikuwa na kazi. Kumi na moja zilizochoka zimebadilishwa kuwa inveta, ndogo kuliko za zamani. Rimoti zimefungwa kwenye 24. Mita ndogo zimewekwa kila ghorofa. Hapo wapangaji wawili walinuna sana, na mmoja alinipigia simu akiuliza kama mita inaweza "kurekebishwa."

Ghorofa ya nne Machi ilikula yuniti 1,940 za viyoyozi. Mei imekula 1,270. Msinipigie makofi bado: Mei ilinyesha na jua lilikuwa la kubahatisha. Tungoje Julai na Agosti ndiyo tuseme. Ila chumba cha kona, saa kumi jioni ya siku ya jua kali, niliingia na kipimajoto AC ikiwa imezimwa, nikakuta 27. Kabla ya wavu pale nilipima 33.

Faida ambayo sikuitegemea: jenereta. Waliyokuwa wanataka kununua sasa ni ndogo kwa kiwango kimoja, kwa sababu mzigo umepungua. Umeme wetu wa gridi mwingi unatoka kwenye maji, mabwawa ya Nalubaale, Bujagali, Karuma, lakini umeme ukikatika kila ofisi inachoma dizeli.

Hita ya mapokezi imekwenda nyumbani Mukono. Dada anasema anakaushia nepi.

Mama Tausi

Na rimoti?

FundiBaridi

Anayo yeye mama.

Mhasibu_Mnyonge

Huyo aliyeuliza kama mita inarekebishika, ni wa ghorofa ya ngapi?

FundiBaridi

Mhasibu, naomba nisitaje.

kijana_wa_Ndeeba

Fundi, wavu huo wa maua huku kwetu upo wa aina nyingi, asilimia 50, 70, 80. Ulichukua upi, na nije na kipimo gani?

FundiBaridi

Wa 70, ili waliomo ndani bado wauone mji. Njoo na kipimo cha dirisha. Cha chumba kiache.